Linux mpya, intaneti hakuna: pa kuanzia

Simu huwa inaita siku mbili tatu baada ya mteja kuondoka na laptopu yake. "Fundi, hii Linux yako haishiki mtandao." Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi nzima zinazokataliwa na Windows 11 zimepita mezani kwangu na kuondoka na Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mashine zimeongezeka, na swali nalo limeongezeka, lilelile. Nimechoka kulijibu kwa vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo jibu lote nimeliweka hapa.

Mwongozo huu ni wa Linux Mint na Ubuntu, pamoja na ndugu zao kama Kubuntu na Xubuntu. Wote wanasimamiwa mtandao na programu moja iitwayo NetworkManager, hivyo amri ni zilezile. Ukizifuata hatua kwa mpangilio utajua tatizo liko wapi. Kulitatua wakati mwingine kunachukua muda zaidi, lakini mtu anayejua tatizo lilipo hababaishwi na fundi yeyote.

Ombi langu moja kabla hatujaanza: usipige Linux upya. Najua mazoea yetu, Windows ikileta kiburi inapigwa upya na maisha yanaendelea. Huku hiyo dawa haifanyi kazi. Draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kukitumia kifaa, iliyokosekana jana itakosekana na kesho, na utakuwa umepoteza mchana mzima.

Vya kuwa navyo

- Laptopu na chaja yake.
- Simu ya Android yenye bando, hata MB 500 zinatosha kuanzia.
- Waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu. Ukiuchomeka kwenye kompyuta na simu haionyeshi chochote zaidi ya kuchaji, tafuta mwingine.
- Waya wa mtandao, ule wenye kichwa cha plastiki kinacholia "klik" ukichomekwa kwenye rauta.
- Jina na neno la siri la waifai, herufi kubwa kama kubwa na ndogo kama ndogo.
- Neno la siri la kuingilia kwenye hiyo Linux.
- Daftari na kalamu. Usicheke. Kila unachobadilisha, kiandike, ili uweze kukirudisha kilivyokuwa.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la kompyuta

Chukua simu, iunganishe na waifai hiyohiyo, kisha zima data ya simu. Hapo kwenye kuzima data ndipo wengi wanapoteleza. Simu ikikosa intaneti kwenye waifai huhamia kimyakimya kwenye bando lake, wewe unaona WhatsApp inaenda, unaapa kwamba waifai ni nzima na Linux ndiyo mbovu. Zima data, fungua ukurasa wowote ambao hujawahi kuufungua, halafu tuongee.

Simu nayo ikikwama, iache laptopu. Tazama rauta. Kama ni ya faiba, ina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Waya umekatika au umekunjwa mahali, na hiyo ni kazi ya kampuni inayokuuzia intaneti. Kama ni rauta ya laini, angalia salio la kifurushi kabla ya kitu kingine chochote. Nimeshapanda daladala mbili kwenda kwa mteja, nikakuta bando limeisha tangu usiku.

Na kuna siku kosa liko mbali kuliko unavyodhani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku hiyo nilikuwa nimeshashika bisibisi kufungua laptopu ya watu, kabla jirani hajauliza kwa nini na yake haiendi.

Simu ikienda vizuri kwenye waifai, data ikiwa imezimwa, endelea.

Hatua ya 2: Fungua terminali bila kuiogopa

Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Dirisha jeusi la kuandikia amri litafunguka. Mambo matatu yanayowachanganya wageni:

Kubandika maneno humo ni Ctrl+Shift+V, si Ctrl+V.

Amri inayoanza na `sudo` itakuuliza neno la siri. Ukiliandika hutaona kitu, si herufi, si nyota. Kibodi haijafa. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter.

Amri ikikataa kuisha, isimamishe kwa Ctrl+C.

Na onyo: ukitafuta msaada mtandaoni utakutana na amri zinazoanza na `dnf`, `yum` au `pacman`. Hizo ni za Linux za ukoo mwingine. Zetu hutumia `apt`. Amri inayokutaka uvute faili kutoka tovuti usiyoijua na kulipeleka moja kwa moja kwa `sudo`, iache ilipo, hata kama aliyeiandika anaonekana bingwa.

Hatua ya 3: Je, kompyuta inaiona kadi yake ya mtandao?

Andika:

`nmcli device`

Utapata orodha fupi. Majina yake yatakushangaza: yanayoanza na `wl`, mfano `wlp2s0`, ni waifai, yanayoanza na `en`, mfano `enp3s0`, ni tundu la waya. `lo` ni ya ndani ya kompyuta, ipuuze. Tazama safu ya STATE kwenye mstari wa waifai:

`connected` maana yake kadi imeshaungana na rauta, kwa hiyo tatizo liko mbele. Ruka hadi hatua ya 6.

`disconnected` ni kadi nzima ambayo haijachaguliwa waifai. Bofya alama ya mtandao pembeni mwa skrini, chagua jina, weka neno la siri. Kama jina la waifai yako halionekani ilhali ya jirani inaonekana, fahamu kwamba laptopu nyingi za zamani zinasikia masafa ya GHz 2.4 tu. Rauta ikiwa inarusha GHz 5 peke yake, hazitaiona milele. Ingia kwenye mipangilio ya rauta, washa na 2.4.

`unavailable` ni kadi iliyozimwa. Hatua ya 4.

Na kama hakuna mstari wa waifai kabisa, hatua ya 5.

Hatua ya 4: Kadi imezimwa

`rfkill list`

Soma mistari miwili chini ya neno Wireless LAN. `Soft blocked: yes` ni kuzimwa kwa programu, na dawa yake ni rahisi:

`sudo rfkill unblock wifi`

`Hard blocked: yes` ni kuzimwa kwa swichi, na hakuna amri duniani itakayoiwasha. Tafuta kitufe chenye alama ya mnara au ndege, mara nyingi kwenye safu ya F1 mpaka F12, ubonyeze pamoja na Fn. ThinkPad za zamani, mfano T420 na X220, zina swichi ndogo ya kusogeza ubavuni, nyembamba kama punje ya mchele. Moja ilinitesa jioni nzima. Nilibadilisha draiva, nikabadilisha kerneli (kiini cha Linux), nikafungua mgongo kuangalia kama kadi imekaa vizuri. Nilipoinyanyua kuifuta vumbi, kucha ikakwaruza ile swichi, waifai ikawaka. Tangu siku hiyo kidole changu hupita ubavuni kwanza.

Hatua ya 5: Kadi haipo kwenye orodha

Hapa ndipo penye kazi, tukae kidogo.

Kwanza jipatie intaneti ya muda, maana draiva hushushwa mtandaoni na wewe mtandao ndio huna. Chomeka simu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya hotspoti, washa kugawa mtandao kwa USB. Kwenye sekunde chache Linux itaiona simu kama waya wa kawaida, bila draiva yoyote. Kitufe cha kugawa kwa USB hakibonyezeki mpaka waya uwe umechomekwa, kwa hiyo usikitafute kabla. Bando likiwa dogo, unganisha simu na waifai kwanza: nyingi zitapitisha waifai hiyo kwenda kwenye laptopu kupitia waya, na bando lako litapona.

Sasa ijue kadi yako:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Tafuta mstari wa Network controller, na chini yake mstari wa `Kernel driver in use`. Mstari huo wa pili ukikosekana, kadi ipo ila haina draiva. Kwenye mabano ya mraba kuna namba mbili zenye nukta mbili katikati, na ile ya kwanza inataja ukoo wa kadi:

`8086` ni Intel. Mara nyingi inafanya kazi bila kuguswa. Ikigoma, kerneli au faili za `linux-firmware` ni za zamani kuliko kadi, na kusasisha mfumo kunamaliza.

`14e4` ni Broadcom. Huyu ndiye msumbufu mkuu wa laptopu za zamani, MacBook zikiwemo. Draiva zake nyingine hazimo kwenye kerneli, zinaongezwa.

`10ec` ni Realtek. Baadhi nzima, baadhi vichaa.

`168c` ni Atheros. Ukiwa nayo, kosa pengine liko kwingine. Hizi mimi nazipenda.

Kisha, simu ikiwa bado inatoa mtandao:

`sudo apt update`

Baada ya hapo, kwenye Mint fungua Driver Manager kutoka kwenye menyu. Kwenye Ubuntu programu hiyo inaitwa Additional Drivers. Ikikuonyesha draiva inayopendekezwa, ichague, subiri imalize, zima na kuwasha. Isipoonyesha kitu, sasisha mfumo wote:

`sudo apt full-upgrade`

Hilo linaweza kula GB nzima, kwa hiyo lifanye simu ikiwa imeunganishwa na waifai, wala si kwa bando la siku.

Mitego mitatu ya hatua hii.

Skrini ya buluu. Kama kompyuta ina Secure Boot, ulinzi unaokagua programu wakati wa kuwaka, wakati wa kuweka draiva utaambiwa ubuni neno la siri la muda. Ukiwasha upya inatokea skrini ya buluu yenye orodha. Watu wakiona buluu roho zinaruka, wanabonyeza Continue boot haraka, na draiva haiwaki tena. Unatakiwa kuchagua Enroll MOK, kukubali, na kuandika lile neno ulilobuni. Na uwe karibu, kwa sababu usipogusa kitu kwa sekunde kumi inajiendea yenyewe. Ukiwa umeshaikosa, ondoa draiva kwenye Driver Manager, iweke tena, na safari hii usiende kuteka chai.

Windows iliyolala. Kama kompyuta ina Windows na Linux pamoja, Windows ikizimwa kwa kawaida haizimiki kikamilifu, na inaweza kuiacha kadi ya waifai katika usingizi ambao Linux haiwezi kuuamsha. Ingia Windows, chagua Restart badala ya Shut down, halafu kwenye kuwaka chagua Linux. Waifai ikirudi, umempata mchawi. Kummaliza moja kwa moja, fungua Command Prompt ya Windows kama msimamizi, andika `powercfg /h off`.

Kadi ya USB inayojifanya CD. Vile vijiti vidogo vya waifai vya kuchomeka, hasa vyenye chipu ya Realtek, vingine hujitokeza kwanza kama CD yenye draiva za Windows. Andika `lsusb`, ukiona `0bda:1a2b`, ndicho hicho. Bofya ile CD kwenye kidirisha cha faili, iondoe kama unavyoondoa flashi, na kijiti kitageuka kuwa waifai. Ukitaka kununua kipya, muulize muuzaji chipu, usimuulize jina la kampuni wala wingi wa antena. AR9271 na MT7601U draiva zake zimo ndani ya kerneli tayari. Ni za polepole, lakini unachomeka na unafanya kazi.

Hatua ya 6: Umeungana, lakini umepewa anwani?

Alama ya waifai imejaa na kurasa hazifunguki. Andika:

`ip -4 addr`

Chini ya `wlp2s0`, au jina lolote la kadi yako, panapaswa kuwa na `inet` ikifuatiwa na kitu kama 192.168.1.23. Ukiwa umetoka Windows umezoea kuona 169.254 pale mambo yanapokwama. Hapa kwa kawaida utaona patupu tu, halafu baada ya kama dakika moja NetworkManager anakata tamaa na kujitoa.

Patupu maana yake rauta haijakupa anwani. Jaribu hivi, kimoja kimoja: zima rauta, hesabu mpaka thelathini, washa. Kwenye Linux bofya waifai yako, isahau, iunganishe upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Chomeka waya wa mtandao. Ukipata anwani kwa waya na si kwa waifai, rudia neno la siri taratibu, maana herufi l ndogo na namba 1 zimeshawaliza wengi. Mwisho ingia kwenye rauta uone kama imewekewa kikomo cha vifaa, kwa kuwa rauta ndogo za laini mara nyingi huwa nacho na nyumba yenye watoto wakubwa hukijaza mapema.

Hatua ya 7: Piga hodi milango mitatu

Maji yasipotoka bombani huanzi kuvunja ukuta. Unafungua koki ya kwenye tenki, kisha ya mita, kisha unamuuliza jirani. Hapa ni hivyohivyo. Kwanza ijue anwani ya rauta:

`ip route`

Mstari wa `default via` ndio unaoitaja: mara nyingi 192.168.1.1, kwenye rauta nyingi za Huawei za faiba 192.168.100.1, na za laini 192.168.8.1. Kisha:

`ping -c 4 192.168.1.1`

`ping -c 4 1.1.1.1`

`ping -c 4 sw.wikipedia.org`

Hodi ya kwanza ikikosa jibu, shida iko kati ya laptopu na rauta. Rudi hatua ya 6, au sogea karibu na rauta.

Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakaa kimya, laptopu yako haina kosa. Rauta haifiki nje. Usiguse Linux tena. Piga simu kwa kampuni, na waambie hasa ulichokiona.

Mbili zikijibu na ya tatu ikasema `Temporary failure in name resolution`, intaneti unayo, ila kompyuta haijui kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Mpangilio wa DNS umekorofika, na dawa yake hii hapa. Tafuta kwanza jina la muunganisho wako kwa `nmcli connection`, halafu, tuseme linaitwa Nyumbani:

`nmcli connection modify "Nyumbani" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes`

`nmcli connection up "Nyumbani"`

Utashauriwa kwingi uhariri faili la `/etc/resolv.conf` kwa mkono. Usifanye. Mfumo unaliandika upya wenyewe, na kesho asubuhi utadhani umelogwa.

Badiliko hilo lifanye kwa waifai ya nyumbani tu. Waifai za hotelini na za vocha zinategemea DNS yao kukuletea ukurasa wa kuingiza namba, na ukiwapora hiyo kazi ukurasa hautokei. Ukiwa sehemu kama hizo na ukurasa umegoma kuja, fungua `neverssl.com`, tovuti hiyo ipo kwa kazi hiyo.

Hatua ya 8: Tazama saa

Hodi zote tatu zimejibu, lakini brauza inakuambia kila tovuti si salama. Angalia tarehe pembeni mwa skrini. Laptopu iliyokaa kabatini miaka mingi betri yake ndogo ya ndani hufa, na mashine inaamka ikiamini ni miaka ya nyuma. Vyeti vya tovuti vina tarehe, na kwa kompyuta hiyo vyote bado havijaanza kutumika.

`timedatectl`

Ikiwa tarehe imepotea sana, iweke kwa mkono:

`sudo timedatectl set-ntp false`

`sudo timedatectl set-time "2026-02-10 14:30"`

`sudo timedatectl set-ntp true`

Weka tarehe yako, si hiyo yangu, na kumbuka kompyuta haijui saa nane na nusu mchana; kwake ni 14:30. Ukiona tarehe inapotea tena kila ukizima, betri ibadilishwe, kwa kawaida ni CR2032.

Saa ikiwa sahihi kwenye Linux lakini ukirudi Windows imerudi nyuma saa tatu, hiyo si hitilafu ya intaneti. Mifumo hiyo miwili inasoma saa ya ndani kwa njia tofauti, na sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. `timedatectl set-local-rtc 1` inawapatanisha.

Unatumia modemu ya USB?

Modemu nazo huanza kwa kujifanya CD, lakini Linux huzigeuza zenyewe baada ya sekunde kumi hivi. Subiri kabla ya kuchomoa kwa hasira. Kisha `lsusb`. Zile za Huawei zinaanza na `12d1`.

Nyingi za 4G, mfano E3372 yenye programu ya HiLink, zinaonekana kama waya wa mtandao tu. Hazitaki mipangilio yoyote kwenye Linux, fungua 192.168.8.1 kwenye brauza uweke humo namba ya siri ya laini na APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni yako ya simu.

Za zamani zaidi zinaonekana kama simu. `mmcli -L` itazitaja. Bofya alama ya mtandao, chagua kuongeza muunganisho wa simu, taja nchi na kampuni yako, na APN itajijaza. Usipoiona kampuni yako kwenye orodha, iandike APN kwa mkono: kwa Safaricom ni `safaricom`, kwa wengine uliza huduma kwa wateja, usibahatishe. Namba ya siri ya laini, kama ipo, ni bora uiondoe kwa kuiweka laini kwenye simu kwanza.

Kampuni ilikupa jina na neno la siri la kuingilia?

Hiyo inaitwa PPPoE. Siku hizi rauta ndiyo inayoibeba, na wewe huna la kufanya. Ni pale tu unapochomeka waya wa kampuni moja kwa moja kwenye laptopu ndipo unahitaji kuiweka: andika `nm-connection-editor`, bofya alama ya kujumlisha, chagua DSL/PPPoE, jaza ulivyopewa. Usiiweke rauta na laptopu zote ziingie kwa jina hilo moja. Kwa kawaida kampuni inaruhusu mmoja, na mwingine anakataliwa bila maelezo.

Bado inasumbua

*Waifai inakatika kila baada ya dakika chache, hasa kwa betri.* Linux inaizimisha kadi ili kuokoa chaji, na kadi nyingine hazirudi vizuri. Kataza hivi:

`sudo sed -i 's/3/2/' /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`

`sudo systemctl restart NetworkManager`

*Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinazunguka mpaka basi.* Pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafirishwa, ni kubwa kuliko njia. Jaribu `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`, kisha uirudie kwa 1464. Ya kwanza ikikwama na ya pili ikipita, uko kwenye laini ya PPPoE inayobeba 1492 badala ya 1500. Kwa waifai: `nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.mtu 1492`, halafu ujiunge upya.

*Simu na laptopu nyingine zote zinaona waifai, hii haioni.* Rauta inaweza kuwa kwenye chaneli ya 12 au 13, ambazo Linux isiyojua iko nchi gani huziogopa. `sudo iw reg set TZ` au `KE`, au hamishia rauta chaneli ya 1, 6 au 11, ambayo ndiyo tiba ya kudumu.

*Intaneti ipo, ila bando linaisha kama limemwagika.* Iambie Linux kwamba unalipia kila MB: `nmcli connection modify "Nyumbani" connection.metered yes`. Kwenye Ubuntu ongeza `sudo snap set system refresh.metered=hold`, maana programu za aina ya snap hujisasisha bila kubisha hodi.

*Ilikuwa nzima, imekufa baada ya kusasisha.* Zima, washa, na wakati wa kuwaka shikilia Shift, au gonga Esc, mpaka menyu itokee. Chagua Advanced options, kisha kerneli ya pili kutoka juu, ile ya namba ya zamani, si mstari ulioandikwa recovery mode. Intaneti ikirudi, endelea kutumia hiyo mpaka sasisho lijalo.

*VPN, programu ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine.* Kama uliwahi kuiweka, izime kabla hujaamini kitu chochote ulichokiona hapo juu.

Ukiamua kumpigia fundi

Usimwambie "haishiki." Chomeka simu kwa USB, andika `inxi -Nnxxz`, piga picha ya skrini, umtumie. Herufi ya mwisho, z, inaficha anwani zako. Ubuntu nyingi hazina inxi, kwa hiyo anza na `sudo apt install inxi`. Ongeza majibu ya zile hodi tatu na ile orodha ya daftarini ya ulichobadilisha, hata yale unayoyaonea aibu. Nikipata hayo matatu, mara nyingi ninamaliza kazi kwa ujumbe mmoja, na wewe unaokoa nauli.